Mguu wa Kushoto

Mbu aliwapa mguu wa kushoto.
Wa kulia, alisema, ni wa kumrudisha nyumbani.

Miaka thelathini na mmoja tumepanda pamoja
ngazi ya kamba hadi kwenye jukwaa la mbao,
vilele vya msitu wa Pará vikitufika kiunoni,
Daktari Zuleide akikunja suruali mpaka gotini,
mimi, Deusdete, mshika kirija na saa,
mwana wa mkwezi wa miti ya asai,
darasa la nne tu, lakini nyayo zangu zimesoma matawi.

Hawaji usiku hawa. Huja jua la utosini,
buluu tupu, buluu ya wino uliomwagikia bati,
hawaimbi sikioni, hawabishi hodi.
Siku ya kwanza mkono wangu ulikuwa tayari hewani.
"Usimpige," akasema. "Huyo ana habari. Mfunike."
Nikamfunika.
Toka siku hiyo nimefunika habari maelfu
kwa kidole gumba.

Mwaka ule kima wa mayowe walinyamaza.
Alfajiri ikaja bila ngurumo yao, tukatazamana.
Siku ya tatu tuliwakuta chini, wamekumbatia mizizi,
mmoja na mwanawe bado mgongoni.
Kambi ya wakata mbao ilikuwa ng'ambo ya kijito.
Mti ukianguka, kilele hushuka na wakazi wake.
Valdenor, miaka kumi na tisa,
macho ya manjano kama kiini cha yai,
alifia ndani ya bembea yake ya kulalia,
msumeno ukingali na mafuta.
Wenzake wakachukua bunduki kuwafuata kima waliobaki.
Zuleide akasimama njiani, fulana imejaa tope:
"Hawa ndio waliowaonya!
Mnavunja kengele na nyumba inaungua?"
Wengine walirudi. Wengine walimpita.
Hilo halimo katika makala zake.

Mjini Belém, mvua ya saa nane ikichapa paa,
aliwapanga mbu juu ya sahani ya barafu,
jamii kwa jamii, hamsini hamsini, kwa ncha ya brashi,
akawasaga, akawadunga vichanga wa panya,
akangoja.
Kazi yake kubwa, ukiniuliza mimi, ilikuwa kungoja.
Kichanga kikitetemeka usiku wa Krismasi,
ni yeye aliyekikuta.
Mume aliondoka mwaka gani, sikumbuki.
Panya nawakumbuka.

Kirusi kimoja alikitoa katika damu ya popo mdogo,
mlamba maua. Hakijamdhuru mtu bado,
au kimemdhuru na hakuna aliyeuliza.
Desturi ni kukipa jina la mahali: akakiita Mucurana,
kijito tulikochota maji ya kahawa.
Leo Mucurana iko chini ya bwawa la umeme,
ramani mpya haziijui.
Jina limebaki kwenye kichupa,
nyuzi sabini chini ya sifuri,
kwa mwandiko wake, herufi ya kwanza imeinama
kama mtu anayepita mlango mfupi.

Jana alikabidhi funguo.
Vijana wa maabara, wanaosoma jeni kwenye kioo cha kompyuta,
wakaleta keki, soda, hotuba tatu.
Katikati ya hotuba ya pili mbu akatua
mguu ule ule, juu kidogo ya soksi.
Akamwinamia, akavua miwani:
pingili nyeupe miguuni. "Wa mjini," akaninong'oneza.
Akampiga.

Pah! Watu wakacheka. Mimi sikucheka:
miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akipiga.
Kisha akakitazama kiganja, muda mrefu mno,
kama aliyechana barua
halafu akautambua mwandiko kwenye bahasha.